UZI: Zahanati ipo kijijini, mimba za utotoni bado zipo. Binti anapotelea wapi?

Kitabu cha Nane (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Utafiti wa afya ya jamii (TDHS) wa 2022 unasema 22% ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Ule wa 2015/16 ulisema 27%, kwa hiyo kuna kushuka. Ila ukitenganisha, vijijini ni 25% na mjini 16%, na Songwe peke yake ni 45%.

Uzi wa namna hii ukifunguliwa hapa, kurasa tatu za kwanza huwa ni chipsi, bodaboda na maadili. Leo naomba tubaki upande mmoja tu: huduma ya afya. Kwa sababu tangu MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi) ya 2007 lengo lilikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo mengi kweli yamesimama. Sasa kama jengo lipo, kwa nini binti hafiki?

Dai langu ni hili: umbali unaua huduma, sawa, lakini mabinti wengi wanapotea kwenye mita 50 za mwisho, kati ya geti na meza ya nesi.

Angalia saa. Zahanati inafanya kazi saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Mwanafunzi wa shule ya kata yuko darasani saa hizo hizo, na akitoka ana kilomita zake za kutembea. Jumamosi nesi yupo kwa ajili ya uzazi na dharura. Pengine uzazi wa mpango umepangiwa siku moja kwa wiki, Jumanne kwa mfano. Binti ili aende lazima atoroke shule, na akitoroka kuna mtu ataulizwa.

Angalia benchi. Ramani ya zahanati zetu karibu ni ile ile: varanda moja, benchi moja refu, na mlango wa chumba cha mama na mtoto unatazama benchi. Siku ya kupima watoto mizani inaning'inia hapo hapo varandani, akina mama wa kijiji kizima wamekaa. Binti asiye na mtoto mgongoni wala tumbo akiingia mlango ule, hakuna haja ya tangazo. Kabla ya jua kuzama mama yake ameshaambiwa.

Halafu maswali ya mlangoni: "Umeolewa? Umeshazaa? Mama anajua? Uko kwenye siku zako?" Mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango unampa huduma kila aliye katika umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, bila kujali ndoa wala idadi ya watoto. Maswali hayo hayapo kama sharti la kumnyima mtu. Yamezaliwa mezani.

Karibuni, hasa walioko kwenye fani.

---

Nesi wa Zamu

Umegusa penyewe mkuu. Nami niongeze kitu ambacho wanasiasa hawakioni kwa sababu ni kidogo mno: ganzi.

Vijiti (vile vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono kuzuia mimba), sindano za Depo, vidonge na kondomu ni bidhaa za mpango wa taifa. Vinashuka kutoka Bohari ya Dawa, kituo hakilipi hata senti. Lakini kijiti hakijiweki chenyewe. Kuweka kimoja cha Implanon unahitaji lignokeini ya 1% kama ml 2, bomba la sindano, jozi ya glavu safi, iodini, gozi, plasta na bandeji. Hivyo vyote kituo kinanunua kwa fedha zake. Kwa hiyo unakuta kabatini kuna vijiti 40 na binti anaambiwa "huduma hakuna". Kwenye ripoti ya dawa inaonekana njia ipo, haijaisha, na wilayani hakuna anayeshtuka.

Kutoa ndiyo mbaya zaidi. Hapo unaongeza kisu namba 11 na fosepsi ndogo iliyopinda, ile tunayoita moskito. Zahanati nyingi zina moja au hazina, au ilikwenda kituo cha afya "kwa muda" na haijarudi. Sasa msichana mmoja akizungushwa miezi mitatu anaomba kijiti kitolewe, mtaa mzima unasikia kwamba ukiwekwa hakitoki. Baada ya hapo hata ulete daktari bingwa na spika, hawaji.

---

Mzee wa Kijiwe

Samahani wadau, mimi naona tunapotoka. Mnataka mwanafunzi wa kidato cha pili apewe sindano ya majira? Hapo si tunamfungulia mlango? Na hizo njia zinaleta ugumba kwa ambaye hajazaa, hilo kila mtu anajua.

---

Nesi wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Nikujibu la ugumba kwanza, maana hata wauguzi wenzangu wanalo.

Kijiti kikitolewa, uwezo wa kushika mimba unarudi ndani ya siku chache. Depo ndiyo huchelewesha: kwa wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Kuchelewa si kuharibika. Mtu aliyeacha Depo akakaa miezi sita bila mimba anaitwa tasa na mawifi, na hapo ndipo hadithi inapozaliwa. Kwa vigezo vya WHO, kijiti kwa aliye chini ya miaka 18 kipo kundi la 1, yaani hakina kizuizi chochote. Depo ipo kundi la 2, inatumika lakini unafikiria uimara wa mifupa ambayo bado inakua. Kitanzi kwa aliye chini ya miaka 20 nacho kundi la 2. Kutozaa si sababu ya kumnyima mtu hata njia moja kati ya hizo.

La kufungua mlango: anayekuja kuomba kinga mlango wake ulishafunguliwa, na mara nyingi aliyeufungua ni mtu mzima. Kliniki ikimfukuza hatakwenda kusali, atakwenda duka la dawa.

---

Duka la Dawa Muhimu

Na sisi huku dukani tunampokea, tusidanganyane. Haya maduka yalianzia Ruvuma 2003 kwa ajili ya watu wasio na famasi jirani, na leo ndiyo kliniki ya vijana bila mtu kutangaza. Kwa nini? Duka linafungwa saa 3 usiku, halina benchi, na hakuna anayeuliza mama anajua.

Tatizo ni wanachonunua. Wanataka P2 tu, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, na wanaitumia vibaya:

Pakiti ina vidonge 2 vya mg 0.75. Wengi wanameza kimoja, cha pili wanamwachia rafiki, au wanakitunza kwa wiki ijayo. Vinamezwa vyote viwili pamoja, mara moja. Ndani ya saa 72 ni vizuri, hadi saa 120 bado inasaidia kidogo, lakini kila saa inayopita nguvu inapungua. Akitapika ndani ya saa 2 anarudia dozi. Na inafanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka. Yai likishatoka, P2 haina la kufanya. Ndiyo maana anayeinywa kila wikendi ipo siku itamwangusha, kisha anasema "ilikuwa feki".

Muuzaji anayejali anamuuzia P2 na kondomu pamoja, kisha anamwelekeza kwa nesi fulani kwa jina, si "nenda zahanati". Mtu anakwenda kwa mtu. Jengo linamtisha.

---

mama wa Momba

Hilo la "uko kwenye siku zako" naomba lifafanuliwe. Mabinti wanarudishwa hadi waone damu. Njia ni kilomita 9, hatarudi.

---

Nesi wa Zamu

Dada, lipo karatasi la maswali 6 ambalo lilipaswa kubandikwa ukutani kila zahanati. Halihitaji damu wala kipimo:

1. Hedhi yako ya mwisho ilianza ndani ya siku 7 zilizopita? (kwa kitanzi ni siku 12)
2. Hujakutana na mwanaume tangu hedhi ya mwisho au tangu kujifungua?
3. Umekuwa ukitumia njia ya uhakika, kwa usahihi, bila kukatiza?
4. Umejifungua ndani ya wiki 4 zilizopita?
5. Una mtoto wa chini ya miezi 6, anayenyonya maziwa yako tu au karibu tu, na hedhi haijarudi?
6. Mimba iliharibika ndani ya siku 7 zilizopita?

Ndiyo moja tu inatosha, mradi hana dalili za mimba. Anapewa njia hapo hapo. Akijibu hapana zote, kama kuna kipimo cha mkojo kitumike. Na hata kipimo kisipotoa jibu la uhakika, hakuna sababu ya kumtoa mikono mitupu: kondomu na tarehe ya kurudi. Depo na kijiti havimdhuru mtoto iwapo ilikuwepo mimba changa isiyojulikana, hilo nalo wengi hawalijui.

Sharti la damu lina ukatili wake wa ziada. Binti anatakiwa kumthibitishia mtu asiyemjua, pengine pedi kwa macho, katika chumba ambacho pazia lake ni khanga iliyochanika.

---

Bonde la Rukwa

Mimi nirudi kwenye umbali, msiufute haraka. Kuanzia Novemba hadi Aprili huku mvua ni moja, haina kupumzika. Barabara ya kata inakatika, pikipiki ya kituo haipiti, mzigo wa dawa unakaa wilayani. Ikitokea mwezi Februari Depo imeisha, itakaa imeisha.

Na kuna watu ambao zahanati ya kijiji haiwahusu kabisa: makambi ya wavuvi kando ya ziwa, na wafugaji waliohamia msituni upande wa Katavi. Hao wanategemea huduma mkoba. Timu inakuja na gari mara moja kwa miezi mitatu kama mafuta yapo. Depo inadumu miezi 3. Piga hesabu mwenyewe: timu ikichelewa mwezi mmoja na nusu, wateja wote wa sindano wa kambi ile wako wazi kwa pamoja.

Timu za mkoba kwa sababu hiyo hupenda kuweka vijiti, Implanon miaka 3, Jadelle miaka 5. Sawa, lakini wanaondoka. Binti akianza kutokwa damu mfululizo wiki ya tatu, nani anamwona?

---

Nesi wa Zamu

Kweli, damu ndiyo inayotoa vijiti vingi. Kutokwa matone matone miezi ya mwanzo kwa kijiti ni kawaida, na kuna dawa rahisi: ibuprofeni mg 800 mara 3 kwa siku, siku 5, kama hana vidonda vya tumbo. Hiyo hata mhudumu wa jamii akiambiwa mapema anaweza kumkumbusha arudi kituoni.

Lakini muhimu ni kumwambia kabla. Na kwa binti wa kijijini unamwambia vitu viwili tofauti, kwa sababu nyumba zetu zina macho. Depo ikishika, hedhi husimama. Mama anayejua tarehe za bintiye, anayeona vitambaa vinavyoanikwa nyuma ya nyumba, ataona mwezi wa tatu havijaanikwa, na atajua au atadhani ana mimba. Kipigo ni kile kile. Kwa hiyo binti anayeishi na mama makini anachagua akilijua hilo. Na kadi ya uzazi wa mpango ibaki kituoni. Kadi chini ya godoro ni barua kwa baba.

Depo akichelewa hadi wiki 4 baada ya tarehe yake, anachomwa tu, bila kipimo. Vituo vingi bado vinamfukuza aliyechelewa siku 3, "njoo ukiwa kwenye siku zako". Wengine wanarudi baada ya miezi, kliniki ya wajawazito.

Jambo dogo kwa wenzangu wa Ulanga na kwingine kwenye kifafa kingi: fenobabito, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya kijiti na vidonge. Rifampisini ya kifua kikuu hivyo hivyo. Hao Depo ndiyo salama yao. Uliza dawa anazotumia kabla ya kufungua pakiti ya kijiti.

---

Wakili Msomi wa Kata

Kuna mkono wa sheria humu ndani na hauzungumzwi vizuri.

Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kukutana kimwili na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mkeo ni kubaka hata akikubali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yakaongeza miaka 30 jela kwa anayempa mimba mwanafunzi. Nia ni njema. Ila wakati huo huo Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, kifungu ambacho Mahakama Kuu ilikikataa 2016 na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono 2019.

Matokeo kijijini: mimba ikigundulika, familia mbili zinakaa. Ng'ombe wanahesabiwa. Ili mazungumzo yasiingiliwe na mtendaji, binti haendi kliniki, maana kliniki kuna daftari lenye umri na jina la shule. Anafichwa kwa shangazi kijiji cha pili hadi mwezi wa 6 au wa 7. Kila wiki anayofichwa ni wiki bila kupimwa damu, bila kinga ya malaria, bila kipimo cha shinikizo.

Na ikiwa ni ubakaji wa wazi: matibabu hayangoji PF3, ile fomu ya polisi. Dawa za kuzuia VVU zinaanza ndani ya saa 72, kinga ya mimba ndani ya saa 120. Fomu inaweza kujazwa mchana wake, saa hazirudi nyuma. Simu ya bure ya watoto ni 116.

---

Kitabu cha Nane

Asante wakili. Na akifika kliniki akiwa na miezi hiyo, anakutana na kigingi kingine: "Mwenza wako yuko wapi?"

Kuja na mwenza kulianzishwa ili baba naye apime VVU. Kwenye miongozo ni kuhamasisha. Vituoni kukawa sharti: asiye na mwenza anahudumiwa mwisho, au anatakiwa barua ya mwenyekiti wa kitongoji ikieleza kwamba hana mume. Hebu fikiria binti wa miaka 16, mwenye mimba ya mtu ambaye anaweza kufungwa miaka 30, akaombe barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti pengine ndiye aliyehesabu ng'ombe.

Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12. SP ya kuzuia malaria inaanza wiki ya 13 na kuendelea, kila mwezi, angalau dozi 3. Anayefika mwezi wa 7 anabahatika dozi moja au mbili. Damu yake imeshashuka, na tarehe ya kujifungua ni ya kukisia.

---

Mkunga Bila Zamu

Niingie kwenye uchungu, maana ndiko gharama ya yote hayo inalipwa.

Mimba ya kwanza na umri mdogo vyote vinavuta kifafa cha mimba. Dalili: kichwa kuuma sana, macho kuona maruweruwe, maumivu ya chembe ya moyo, uso kuvimba. Kipimo ni mashine ya shinikizo na kijiti cha kupima protini kwenye mkojo. Shinikizo 140/90 au zaidi baada ya wiki 20, pamoja na protini, huyo harudi nyumbani. Zahanati ikikosa vijiti vya mkojo (na hukosa) basi ipime shinikizo kila hudhurio na imwamini mgonjwa anapolalamika kichwa.

Magnesi salfeti, dozi ya kuanzia ni g 14: g 4 kwenye mshipa polepole, na g 10 kwenye misuli, g 5 kila tako. Ampuli ya 50% yenye ml 10 ina g 5, kwa hiyo matako ni ampuli 2, na mshipa ni ml 8 za ampuli pamoja na ml 12 za maji ya sindano. Kosa linalorudiwa ni nesi kuogopa, kumpakia mgonjwa kwenye bodaboda bila dozi, eti "watampa hospitali". Kama mshipa umeshindikana, zile g 10 za matako zimwingie kabla hajaondoka. Atadegedeka njiani bila hizo.

La pili ni nyonga. Ya binti wa miaka 14 au 15 haijamaliza kukua. Uchungu unaanzia nyumbani kwa bibi, siku ya kwanza dawa za miti shamba, siku ya pili ndiyo safari. Kichwa cha mtoto kikikaa muda mrefu kinabana kibofu dhidi ya mfupa, nyama inakufa, na siku chache baada ya kujifungua mkojo unaanza kuvuja. Hiyo ndiyo fistula. Aliyetoka kwenye uchungu pingamizi awekewe mpira wa mkojo mapema; tundu dogo likigunduliwa siku za mwanzo linaweza kujifunga kwa mpira kukaa wiki 4 hadi 6. Lililokomaa linatibiwa kwa upasuaji, hospitali ya CCBRT Dar wanafanya bure, Bugando Mwanza nao wanazitibu.

Usafiri: namba 115, m-mama, bure. Simu inapokelewa kituo cha uratibu, gari la wagonjwa likikosekana anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa na yeye analipwa na serikali, si familia. Watu wengi bado wanachangishana mafuta kwa sababu hawaijui. Kuanzia 2017 vituo vingi vya afya viliongezewa chumba cha upasuaji, kwa hiyo uliza mapema kipi kwenu kinafanya upasuaji usiku. Jengo la upasuaji lisilo na mtaalamu wa usingizi ni stoo.

---

Samburu Mashariki

Hodi kutoka Kenya. KDHS ya 2022, utafiti kama TDHS yenu, ilitupa 15% nchi nzima, chini kutoka 18% ya 2014. Lakini Samburu ni 50%, Pokot Magharibi 36%. Wastani wa nchi unaficha mengi, kama hapo kwenu Songwe.

Huku jamii inahamahama, zahanati haihami. Wahudumu wa jamii tunao tangu 2023 wakiwa na mikoba yao, wanatembelea manyatta, lakini msichana akitaka kijiti bado ni safari. Uganda waliwaruhusu wahudumu wa vijiji kuchoma sindano zaidi ya miaka kumi iliyopita. Sisi na nyinyi tungelitazama hilo bila woga.

---

Nesi wa Zamu

Karibu sana. Huku kwetu wahudumu wa jamii wapya, mpango uliozinduliwa Januari 2024, wanachaguliwa na wananchi wenyewe kwenye kitongoji. Faida yake wanajulikana. Hasara yake ni hiyo hiyo: mhudumu ni shangazi wa mtu. Kwa vijana ni bora kitongoji kiwe na mwanamke na mwanaume, na binti aruhusiwe kwenda kwa mhudumu wa kitongoji cha pili bila kuulizwa anakaa wapi.

Nisisahau waliokwisha kujifungua. Mimba ya pili ndiyo inayoua kabisa ndoto ya shule. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliruhusu warudi, ndani ya miaka 2. Hiyo haitoshi ikiwa mwaka unaofuata ana tumbo lingine. Kwa hiyo kabla hajatoka wodi ya wazazi: kijiti kinawekwa hata siku ile ile, ananyonyesha au hanyonyeshi. Kitanzi ndani ya saa 48, zikipita asubiri wiki 4. Depo kwa anayenyonyesha asubiri wiki 6. Vidonge vyenye homoni mbili asubiri miezi 6.

Wengi wanaambiwa "unanyonyesha, huwezi kushika mimba". Inafanya kazi kama mtoto ananyonya tu, mchana na usiku. Akirudi darasani mtoto anabaki na bibi na uji kuanzia saa 1 hadi saa 10. Kinga imekwisha siku hiyo hiyo ya kwanza ya shule, na hakuna aliyemwambia.

Na aliyekuja na mimba iliyoharibika: yai linaweza kutoka ndani ya wiki 2. Ahudumiwe, asihojiwe kama polisi, atoke na njia.

---

Diwani Mtarajiwa

Nimesoma uzi wote. Mimi ni mjumbe tu wa kawaida kwenye vikao, nikitaka kuibana zahanati yetu naanzia wapi? Hawa watu ukiuliza wanakuonyesha chati zina rangi.

---

Kitabu cha Nane

Mkuu, achana na chati. Omba kupitia kamati ya usimamizi ya kituo, vitabu vitatu vya MTUHA (rejesta za takwimu za kituo), miezi mitatu iliyopita, bila majina. Kitabu cha 8, uzazi wa mpango: wateja wapya chini ya miaka 20 ni wangapi? Kitabu cha 6, wajawazito: hudhurio la kwanza chini ya miaka 20 ni wangapi, na mimba ilikuwa wiki ya ngapi? Kitabu cha 12, wodi ya wazazi: waliojifungua chini ya miaka 20? Kama cha 12 kina mabinti 18 na cha 8 kina 3, mazungumzo yameshaanza, huhitaji mtaalamu kutoka mkoani.

Halafu bajeti. Fedha za mfuko wa pamoja zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, kamati inapitisha matumizi. Dai mstari wa lignokeini, glavu, visu namba 11 na moskito mbili. Bohari wakisema hawana, kituo kinachukua uthibitisho wa kukosekana na kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa. Huo ndiyo utaratibu, si hisani ya mganga mfawidhi.

Vya bure: siku ya mizani isigongane na siku ya uzazi wa mpango. Binti ahudumiwe chumba kile kile cha wagonjwa wa nje, aonekane kama mwenye malaria. Nesi mmoja abaki hadi saa 12 jioni siku 2 kwa wiki, apumzike asubuhi yake.

Na shule za kata ambako wanafunzi wanapanga vyumba vya mitaani, anzia hapo hapo. Binti wa miaka 15 anayejipikia peke yake na anadaiwa kodi ndiye wa kwanza kupungukiwa.

---

mama wa Momba

Swali la mwisho kwa nesi. Wa sindano, tarehe ya kurudi tunamkumbushaje, kama kadi inabaki kituoni na simu hana?

---

Nesi wa Zamu

Mnada, dada, yaani siku ya gulio. Usimpe tarehe, mpe mnada. Ukishamchoma hesabu wiki 12, angalia siku ya mnada iliyo karibu na hapo, mwambie "mnada wa kwanza baada ya kufunga shule" au "mnada wa tatu mwezi wa tano". Kuchomwa wiki 2 mapema inaruhusiwa, kuchelewa wiki 4 inaruhusiwa, kwa hiyo una nafasi ya kucheza nayo. Siku ya mnada kila binti ana sababu ya kutoka nyumbani na kikapu, na zahanati nyingi ziko njiani. Mwambie nesi wa zamu siku hiyo asifunge mapema.